Kipande cha Jana na Simu ya Leo

Kila asubuhi ya Jumatatu, katika vibanda vya kupiga chapa na kutoa nakala vilivyo kando ya barabara itokayo Bukoto kwenda Kisaasi, jijini Kampala, huonekana vijana waliobeba bahasha za kaki. Ndani ya bahasha mna vyeti vya shule, nakala ya kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa mtaa na barua ya kuomba kazi. Kijana huyo huamini kwamba yote anayotakiwa kuyathibitisha yamo ndani ya bahasha yake. Siku hizi, hata hivyo, sivyo mambo yalivyo. Mwajiri akiisha kuipokea bahasha, na kabla ya kumwita kijana kwenye usaili, huandika jina lake katika simu na kuanza kupekua kurasa zake za mitandao ya kijamii. Hutazama picha alizopigwa kwenye sherehe, maneno aliyoyaandika alipokasirika, chama anachokishangilia na marafiki anaoandamana nao. Kisha bahasha huwekwa kando. Kijana hungoja jibu mwezi mmoja, miezi miwili, na jibu haliji. Hajui kosa lake, wala hajui kwamba alikwisha kuhukumiwa.

Jambo hili linawahusu askari wa jeshi na wa polisi kwa njia tatu. Kwanza, wao wenyewe waliandikishwa kazini baada ya kuchunguzwa, nao huendelea kuchunguzwa hadi siku ya kustaafu. Pili, wao ndio mara nyingi huombwa kuwachunguza wengine, kwa maana cheti cha tabia njema kinachotakiwa na waajiri wengi, hasa kwa vijana wanaokwenda kyeyo ng'ambo, hutolewa na polisi. Tatu, wao ni wazazi, na watoto wao ni miongoni mwa hao wenye bahasha za kaki. Kwa hiyo inafaa kujiuliza: je, desturi hii ya kumpekua mwomba kazi ilianza lini katika Afrika ya Mashariki, na historia imetufundisha nini juu ya uchunguzi wa haki na uchunguzi wa dhuluma?

Kumchunguza mtu kabla ya kumpa kazi si uvumbuzi wa wazungu, wala si uvumbuzi wa simu. Zamani katika ufalme wa Buganda, vijana waliopelekwa kutumika katika jumba la Kabaka, ambao waliitwa bagalagala, walipelekwa na jamaa zao au na machifu. Aliyempeleka kijana alijulikana kwa jina na ukoo, na kijana alijulikana kwa jina na ukoo. Kijana akifanya vibaya, aibu ilimrudia pia aliyemleta. Katika miji ya pwani kadhalika, mtu hakukabidhiwa mali ya safari bila ya mdhamini. Huo ulikuwa uchunguzi, lakini ulikuwa na sifa moja kubwa: shahidi alionekana. Aliyesema kwamba fulani ni mwaminifu au mwizi, alisema mbele ya watu, na aliyesemwa aliweza kujibu.

Serikali ya kikoloni ilileta uchunguzi wa namna nyingine. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika. Vita Kuu ya Kwanza iliichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwaka 1919. Kila mwanamume wa Kiafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kupiga alama za vidole na kupewa hati iliyoitwa kipande. Ndani yake liliandikwa jina lake, kabila lake, mahali atokapo, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoiacha. Hati ilitiwa katika kikebe cha bati, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Mfanyakazi aliyeondoka bila ya mwajiri kutia saini alihesabiwa kuwa mtoro, na hakuna mwajiri mwingine aliyeruhusiwa kumpokea. Hivyo mwajiri mpya, kwa kufungua kikebe tu, aliyajua maisha ya mtu yule: alifanya kazi kwa nani, kwa ujira gani na kwa muda gani. Naye mfanyakazi hakupewa kikebe cha kumfungua mwajiri. Hakuwa na njia ya kujua kama bwana huyo hupiga watu viboko au huwanyima posho.

Chuki ya kipande ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowafanya watu wa Nairobi wamsikilize kijana Harry Thuku. Huyu alikuwa mpokea simu katika Hazina ya serikali, akapoteza kazi yake kwa sababu ya siasa zake. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati wa watu ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai afunguliwe. Askari wakafyatua risasi, na watu zaidi ya 20 wakauawa, akiwamo mwanamke shujaa Mary Muthoni Nyanjiru. Kipande kiliendelea miaka mingine 25. Mwaka 1947 ilipopitishwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, masetla wengi walipiga kelele kwa kutakiwa nao watoe alama za vidole. Jambo walilolitetea miaka yote lilipowagusa wao, ndipo walipoliona kuwa fedheha. Hilo ni funzo la kwanza la historia hii: kipimo kizuri cha uchunguzi wowote ni kuuliza kama mwenye kuchunguza angekubali kuchunguzwa vivyo hivyo.

Nchini Uganda hakukuwa na kipande cha namna ile, lakini uchunguzi ulikuwapo. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya, liliandikisha watu kwa kutazama urefu, kifua na kabila. Wakubwa wa Kiingereza waliamini kwamba yako makabila yaliyozaliwa kwa vita na mengine kwa kalamu, wakaelekeza macho yao sana kaskazini. Uchunguzi wa namna hiyo haukumwuliza kijana ana moyo gani wala ana akili gani; ulimwuliza tu amezaliwa wapi. Taifa lilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 lilirithi jeshi lililopimwa kwa kipimo hicho, na gharama yake ililipwa baadaye.

Iko habari nyingine ya mwaka huo huo wa 1962 ambayo kila ofisa wa jeshi anapaswa kuikumbuka. Kikosi cha Keya kutoka Uganda kilipelekwa katika nchi ya Waturkana, upande wa Kenya, kuzuia wizi wa ng'ombe. Baadaye yakaja malalamiko kwamba raia waliteswa na kuuawa, na uchunguzi ukamwelekea ofisa mmoja, Luteni Idi Amin. Wakuu wa Kenya walitaka ashtakiwe. Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts, alilipeleka shauri hilo kwa Waziri Mkuu Milton Obote. Uhuru ulikuwa umebaki miezi michache, na maofisa wa Uganda wenye kamisheni walikuwa wawili tu. Ikaamuliwa apewe karipio kali. Amin akaendelea kupanda vyeo hata akawa kiongozi wa jeshi, na tarehe 25 Januari 1971 akaipindua serikali.

Hapa pana jambo la kutafakari. Habari za ofisa yule hazikutafutwa gizani wala hazikuokotwa katika uvumi. Zilihusu kazi yake hasa, yaani namna alivyoitumia bunduki aliyokabidhiwa mbele ya raia wasio na silaha. Kama kuna jambo ambalo mwajiri ana haki na wajibu wa kulitazama, ni hilo. Nalo lilitazamwa, kisha likafunikwa. Funzo la pili, basi, ni kwamba uchunguzi wa haki sharti uwe na matokeo. Taifa linalopekua mambo madogo ya kijana anayeomba ukarani, na kufumba macho mbele ya mambo makubwa ya mwenye cheo, limeugeuza uchunguzi kuwa mchezo.

Baada ya mwaka 1971 Uganda iliona uchunguzi wa aina mbaya kuliko zote. Liliundwa shirika la ujasusi lililoitwa State Research Bureau, ambalo makao yake yalikuwa Nakasero, katikati ya Kampala. Katika miaka ile mtu hakuchunguzwa ili apewe kazi. Alichunguzwa ili atoweke. Neno lililosemwa katika baa, wivu wa jirani aliyetamani duka au nyumba ya mwenzake, ugomvi wa kazini, yote yaliweza kuwa ripoti. Mchongezi hakuonekana, na aliyechongewa hakuulizwa. Tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu wa nchi, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa ndani ya jengo la Mahakama Kuu mchana kweupe, wala hakurudi tena. Kama mkuu wa mahakama hakupata nafasi ya kujibu, mwananchi wa kawaida angeipata wapi? Shirika lile lilianguka pamoja na utawala uliolizaa, Kampala ilipokombolewa mwezi wa Aprili 1979. Lakini woga uliopandwa haukung'oka siku moja. Funzo la tatu limeandikwa kwa damu: habari ya siri ambayo mtu hawezi kuijibu si ushahidi.

Baada ya mwaka 1986 nchi ilijaribu njia iliyofanana kidogo na ile ya zamani. Kamati za wananchi zilizoanzia msituni wakati wa vita vya Luweero zilienea nchi nzima, na baada ya katiba ya mwaka 1995 zikajulikana kama LC. Mpaka leo kijana anayetaka kuingia jeshini au katika polisi huleta barua ya mwenyekiti wa LC ya kwanza, na maofisa wa usalama wa gombolola na wa wilaya nao hutoa maoni yao. Njia hii ina wema wake. Mwenyekiti wa mtaa wa Bukoto anaijua nyumba ya kijana, anamjua mama yake, anajua kama alipigana sokoni au kama aliwasaidia majirani siku ya mafuriko. Ina kasoro zake pia. Yako malalamiko kwamba barua huuzwa, na mwenyekiti aliyekosana na baba huweza kumwadhibu mwana. Lakini hata hivyo mwandishi wa barua ana jina na muhuri, na akisema uongo anaweza kuulizwa.

Ndipo ikaingia simu. Namba za simu zilianza kuandikishwa kwa majina nchini mwaka 2012, na baadaye zikafungamanishwa na kitambulisho cha taifa. Mitandao ya kijamii ilienea kwa kasi kiasi kwamba kutoka Julai 2018 serikali iliitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji, kodi ambayo iliondolewa mwaka 2021 na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya gharama za intaneti. Maneno ambayo zamani yalisemwa chini ya mwembe na kupotea na upepo, sasa huandikwa na kuwekwa akiba. Kijana wa miaka 17 aliyeandika upuuzi baada ya mechi ya mpira, anaweza kuusomewa upuuzi huo akiwa na miaka 27, mbele ya meza ya mwajiri. Wazee husema kuwa maji yakimwagika hayazoleki, na leo hata pale yalipomwagikia pamepigwa picha.

Nchi nyingine zimekwisha kukutana na tatizo hili, na mifano miwili inawahusu watu wa vyombo vya usalama moja kwa moja. Wa kwanza ni wa Marekani. Mwaka 2010 katika jimbo la Maryland, askari mmoja wa magereza aliyekuwa anarudi kazini baada ya likizo aliambiwa wakati wa usaili atoe neno la siri la ukurasa wake wa Facebook. Wakubwa walisema wanataka kuhakikisha kwamba askari hawana uhusiano na magenge ya wahalifu. Nia yenyewe haikuwa mbaya, kwa maana gereza lenye askari wa magenge si gereza. Lakini kumfungulia mkubwa barua zako zote, pamoja na barua za mkeo na rafiki zako ambao hawakuomba kazi yoyote, ni jambo jingine. Askari yule alilalamika, na mwaka 2012 Maryland ikawa jimbo la kwanza nchini humo kuwakataza waajiri kudai maneno ya siri ya namna hiyo.

Mfano wa pili ni wa jirani. Baada ya katiba mpya ya mwaka 2010, Kenya iliamua kwamba kila askari polisi achunguzwe upya. Kazi hiyo ilianza Desemba 2013 chini ya tume ya huduma ya polisi, ikianza na maofisa wa vyeo vya juu. Askari walitakiwa kueleza mali zao, hesabu zao za benki, na hata orodha ya fedha zilizoingia na kutoka katika simu zao kwa njia ya M-Pesa. Ilipofika zamu ya polisi wa barabarani, baadhi yao waliulizwa sababu za kupokea fedha nyingi kuliko mshahara, na sababu za kuwatumia wakubwa wao fedha mara kwa mara. Uchunguzi ule ulikuwa mkali, na wako walioulalamikia. Hata hivyo ulikuwa na mambo ambayo kipande hakikuwa nayo. Uliamriwa na sheria. Uliwagusa wakubwa kabla ya wadogo. Uliuliza jambo linalohusu kazi, yaani rushwa. Na aliyeulizwa alikaa mbele ya tume, akasikia swali, akajibu kwa kinywa chake, na aliyeshindwa aliweza kuomba shauri lake litazamwe tena.

Uganda nayo haiko bila ya sheria. Katiba ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake, na inampa kila anayefika mbele ya ofisi ya umma haki ya kutendewa kwa uadilifu. Sheria ya kulinda habari za watu binafsi ilitiwa saini mwaka 2019. Kwa kawaida inataka habari za mtu zikusanywe kwa ridhaa yake na kutoka kwake mwenyewe, ingawa inakubali kutumiwa kwa mambo ambayo mtu ameyatangaza hadharani kwa hiari yake. Inaweka ulinzi wa pekee juu ya habari za dini, maoni ya kisiasa, afya na maisha ya ndani ya mtu. Kadhalika inampa mwenye habari haki ya kujua kilichowekwa juu yake na kudai kirekebishwe kikiwa si kweli. Kwa hiyo mwajiri anayesoma neno lililoandikwa hadharani hajavunja mlango wa mtu. Lakini mwajiri anayemnyima mtu kazi kwa sababu ya kanisa lake, msikiti wake au chama chake alichokiona kwenye picha, haoneshi umahiri wa uchunguzi. Amerudia tu kosa la wale waliopima askari kwa kabila.

Tena simu ina udanganyifu ambao kipande hakikuwa nao. Kipande kilikuwa na alama za vidole, hivyo hakikuweza kumchanganya mtu na mwingine. Ukurasa wa mtandao hauna kidole. Wako vijana wengi wenye majina yanayolingana, na adui anaweza kufungua ukurasa kwa jina na picha ya mtu mwingine akaujaza matusi. Picha inaweza kutengenezwa kwa mashine hata mama mzazi asitambue. Ofisa anayechunguza, awe wa kampuni au wa kituo cha polisi, akiyachukua hayo yote kuwa kweli bila ya kumwita mhusika na kumwuliza, huyo hana tofauti na aliyepokea ripoti ya mchongezi katika miaka ya sabini. Chombo chake ni kipya, ila dhuluma ni ile ile.

Kwa upande wa pili, askari hana uhuru wa kusema kwamba ukurasa wake ni mambo yake peke yake. Mwezi wa Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani iliyochapishwa na kampuni ya Strava, ambayo programu yake hurekodi safari za wanaofanya mazoezi ya kukimbia, ilionesha wazi njia za ndani ya kambi za kijeshi katika nchi kama Afghanistan na Syria. Askari walikuwa wanakimbia asubuhi kwa ajili ya afya zao, wala hawakukusudia usaliti. Lakini vifaa walivyovaa mkononi vilichora mipaka ya kambi kwa macho ya dunia nzima. Uganda, ambayo imekuwa na wanajeshi Somalia tangu Machi 2007, haiwezi kulichukua jambo hilo kuwa hadithi ya mbali. Picha ya rafiki aliye zamu, yenye gari nyuma yake na mlima nyuma ya gari, ni barua kwa adui. Polisi anayecheka na kumpiga picha mtuhumiwa aliyefungwa pingu, huivunja kesi na huliaibisha vazi lake. Mkuu anayemwuliza askari wake juu ya mambo hayo hamwonei. Anamwuliza juu ya kazi.

Mpaka wa haki, basi, umekwisha kuchorwa na historia yenyewe. Mwajiri na aulize yale yanayohusu kazi, ayaache yasiyohusu. Anayechunguzwa na ajue kwamba anachunguzwa, aoneshwe lililoonekana na apewe nafasi ya kujibu. Na mwenye kuchunguza awe na jina, ili naye aweze kuulizwa. Uchunguzi wenye mambo hayo matatu huijenga nchi, kwa sababu hakuna mwananchi anayetaka mlinzi mwizi, mwalimu mkatili au askari mla rushwa. Uchunguzi usio nayo ni kipande kilichofichwa: mtu amekivaa shingoni wala hakioni, na kila mwenye mlango hukifungua na kukisoma anapopita.

Kutoka Bukoto mpaka makao makuu ya polisi yaliyoko Naguru ni mwendo mfupi wa miguu. Kijana mwenye bahasha ya kaki anaweza kutembea kwa dakika chache na kufika mbele ya ofisa atakayeamua habari zake. Anachokiomba si kufichiwa makosa yake. Anaomba aitwe ndani, aketi, asomewe lililoandikwa, na aulizwe: hili ni lako, na kama ni lako, una neno gani? Swali hilo halimgharimu ofisa zaidi ya dakika tano. Benedicto Kiwanuka hakuulizwa. Wanaume waliovaa vikebe vya bati hawakuulizwa. Askari wa leo, aliyekabidhiwa cheti cha tabia njema cha mwananchi mwenzake, ana uwezo wa kuuliza, na ana wajibu wa kufanya hivyo.